Kutambua Vidonda, Madoa na Vivimbe vya Kinywani kwa Kufuata Mwendo wa Inflamesheni na Kupona kwa Tishu: Mwongozo Kamili

Anayechungulia kinywa cha mgonjwa huona mambo machache sana: wekundu, weupe, uvimbe, malengelenge, au mahali ambapo ngozi imechimbika. Magonjwa yanayoweza kuleta dalili hizo ni mengi mno, na ndiyo maana kukariri picha za kila ugonjwa hakumfikishi mwanafunzi mbali. Kinachomfikisha ni kujua kidonda kilicho mbele yake kina umri gani, kimefika hatua gani ya kupona, na kama hatua hiyo inalingana na umri huo. Kidonda cha siku 3 kinachouma na kufunikwa na utando wa manjano kinafanya kile ambacho tishu hai hutakiwa kufanya. Kidonda chenye sura hiyohiyo baada ya wiki 5 kinazuiwa na jambo fulani kisipone, na kazi nzima ya utambuzi ni kulitafuta jambo hilo.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wanafunzi wa tiba ya meno, matabibu na wauguzi wanaokutana na wagonjwa wa aina hii kabla ya daktari bingwa kuwaona. Msomaji asiye mtabibu anaweza kuutumia kujua ni lini anapaswa kwenda kuonwa, ila asiutumie kujipa jina la ugonjwa akiwa peke yake mbele ya kioo.

Kinachotokea ndani ya tishu

Inflamesheni ni jibu la tishu hai yenye mishipa ya damu dhidi ya madhara yoyote, yawe ni jino kali, chai ya moto, virusi, kemikali, au kinga ya mwili inayoshambulia seli zake yenyewe. Mwandishi Mrumi Celsus, aliyeishi katika karne ya kwanza, aliorodhesha dalili zake nne: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Baadaye ikaongezwa ya tano, yaani kiungo kushindwa kufanya kazi yake. Kinywani joto halitambuliki kwa urahisi kwa sababu kinywa chote kina joto, lakini dalili ya tano hujitokeza mapema, kwani mgonjwa hushindwa kutafuna, kumeza au kusema vizuri.

Katika dakika za mwanzo, seli za ulinzi zilizoko chini ya ngozi humwaga histamini na kemikali nyingine, mishipa midogo ya damu hupanuka, na kuta zake huanza kuvuja. Kupanuka huko ndiko kunakoleta wekundu, na kuvuja ndiko kunakoleta uvimbe. Pamoja na maji hutoka protini za damu, ikiwemo fibrinojeni, ambayo hugeuka kuwa nyuzi za fibrini juu ya sehemu iliyochubuka. Baada ya saa chache neutrofili, aina ya seli nyeupe za damu, hujipenyeza kutoka kwenye mishipa na kuanza kumeza vijidudu na mabaki ya seli zilizokufa. Baada ya siku 2 hivi makrofaji, seli kubwa zinazomeza mabaki, huwa wengi kuliko neutrofili, na hao ndio wanaoamua mambo yaende wapi, kwa kuwa husafisha uwanja na papo hapo kutoa ishara za kuanza ujenzi.

Mabaki hayo ya fibrini, neutrofili na seli zilizokufa ndiyo utando wa manjano au wa kijivu unaoonekana juu ya karibu kila kidonda cha kinywani. Wagonjwa wengi huuita usaha, na baadhi ya watoa huduma huwafuata kwa kuwaandikia antibiotiki. Utando huo ni kifuniko cha muda ambacho chini yake ujenzi unaendelea, na kuukwangua kwa mswaki au chumvi humrudisha mgonjwa siku kadhaa nyuma. Usaha wa kweli hujikusanya ndani ya tishu, hutoka ukikamuliwa, na kwa kawaida huambatana na uvimbe uliojaa.

Ujenzi huanza mapema kuliko watu wanavyodhani. Ndani ya siku ya kwanza seli za epithelia, yaani tabaka la juu linalofunika kinywa, zilizoko pembezoni mwa kidonda huachia mahali zilipokuwa zimeshikilia na kuanza kutambaa kuelekea katikati, chini ya utando wa fibrini. Kati ya siku ya 3 na ya 5 chini yake huota nyama changa nyekundu, yenye mishipa mipya mingi na fibroblasti, yaani seli zinazotengeneza kolajeni, protini inayoipa tishu uimara. Nyama hiyo hutoka damu kwa urahisi ikiguswa, jambo ambalo ni la kawaida katika hatua hiyo. Kisha epithelia hukutana katikati, mishipa ya ziada hupotea, kolajeni laini hubadilishwa na iliyo imara zaidi, na wekundu hufifia. Ngozi ya kinywa hujifanya upya kwa kasi kubwa kuliko ngozi ya nje, nayo husaidiwa na mate, ambayo hubeba protini zinazochochea seli kutambaa na kuzaliana. Kwa sababu hiyo kidonda kidogo cha juujuu hupona ndani ya siku 7 hadi 14, mara nyingi bila kovu. Jeraha linalofika kwenye misuli huacha kovu, ingawa hata hapo makovu ya kinywani huwa madogo kuliko ya ngozi ya nje.

Ikiwa kisababishi hakiondoki, hatua hizo hazifuatani tena. Uharibifu na ujenzi huendelea kwa wakati mmoja, neutrofili hupungua, na mahali pake huja seli nyingine za kinga, yaani limfosaiti, seli za plazma na makrofaji. Hiyo ndiyo inflamesheni sugu, nayo ina sura tatu kinywani. Ya kwanza ni kidonda kisichofunga, chenye ukingo uliokakamaa kwa kolajeni. Ya pili ni ujenzi uliopita kiasi, ambapo nyama changa au nyama ya nyuzi huota na kutokeza kama kinundu, mathalani kwenye fizi za mjamzito au chini ya ukingo wa meno ya bandia yanayobana. Ya tatu ni kukakamaa kwa tishu yote, kama inavyotokea kwa watafunaji wa popoo ambao mashavu yao hupoteza ulaini polepole hadi mdomo ukashindwa kufunguka.

Yapo pia mambo ya mwili mzima yanayopunguza kasi ya kupona hata kama kidonda chenyewe hakina ubaya: kisukari kisichodhibitiwa, uvutaji wa sigara, ukosefu wa vitamini C ambayo mwili huihitaji ili kolajeni iwe imara, upungufu wa madini ya chuma au vitamini B12, VVU visivyotibiwa, kinywa kikavu, mionzi iliyopigwa kichwani au shingoni, na dawa zinazopunguza nguvu ya kinga kama steroidi na methotrexate. Yakumbuke, lakini usiyatumie kuwa maelezo ya haraka ya kidonda ambacho hujakichunguza. Mgonjwa wa kisukari naye hupata saratani.

Hatua ya 1: Chukua historia, na uanze na muda

Swali la kwanza ni kidonda kilianza lini, na jibu la kwanza mara nyingi si sahihi. Wagonjwa wengi hutaja siku maumivu yalipoanza, kumbe doa lenyewe lilikuwapo miezi kadhaa bila kuuma. Uliza kwa namna mbili tofauti: "Ulianza lini kusikia maumivu?" na kisha "Kabla ya hapo uliwahi kuhisi mahali hapo pana ukakasi, pagumu, au pana rangi tofauti?" Tofauti kati ya majibu hayo mawili ina uzito kuliko vipimo vingi.

Baada ya hapo uliza kama kidonda kimewahi kupona kabisa kikarudi, na kama kilirudi palepale. Vidonda vinavyopona na kutokea sehemu mbalimbali huelekea kwenye afta, yaani vidonda vya kujirudia visivyo vya kuambukiza. Vinavyorudi palepale huelekea kwenye virusi vya hepesi, kwenye kuumia kunakojirudia, au kwenye dawa ambayo mgonjwa huimeza mara kwa mara. Kidonda ambacho hakijawahi kufunga hata siku moja kiko katika kundi lake peke yake.

Uliza kama kilianza na lengelenge, kama kuna homa, kama kuna vidonda sehemu za siri, macho mekundu au upele mwilini, kama mwili umepungua uzito, na kama mdomo au ulimi umekufa ganzi. Ganzi isiyo na sababu ya wazi ni dalili nzito, kwa maana huashiria kwamba mshipa wa fahamu umeguswa. Andika dawa zote, zikiwemo za kienyeji na zile ambazo mgonjwa ameziweka moja kwa moja juu ya kidonda, kwani aspirini iliyowekwa kwenye fizi ili kutuliza jino huunguza ngozi na kuacha doa jeupe linalomchanganya mchunguzi. Uliza kuhusu sigara, ugoro, tambuu na pombe bila sauti ya kulaumu. Tumbaku na pombe zikiwa pamoja huongeza hatari ya saratani ya kinywa kuliko jumla ya hatari ya kila kimoja.

Hatua ya 2: Chunguza kinywa kizima kwa mpangilio usiobadilika

Unahitaji mwanga mzuri, glavu, vioo viwili vidogo au vijiti viwili vya mbao, na shashi. Mwondolee mgonjwa meno ya bandia kabla ya lolote. Kosa la kawaida ni kwenda moja kwa moja kwenye kidonda ambacho mgonjwa amekionyesha na kuacha kingine ambacho hakijui.

Anza nje: ulinganifu wa uso, kisha tezi za limfu chini ya taya na kando ya shingo. Tezi laini, inayouma na inayosogea kwa kawaida ni ya maambukizi. Iliyo ngumu, isiyouma na iliyoshikamana na tishu za chini inahitaji rufaa hata kama kinywani hujaona kitu. Kisha ingia ndani: midomo nje na ndani, mashavu, fizi mbele na nyuma, kaakaa gumu, kaakaa laini na mlango wa koo.

Ulimi ndio unaostahili subira. Mwambie mgonjwa autoe nje, ushike ncha yake kwa shashi, uuvute taratibu upande mmoja kisha mwingine, uangalie ubavu wake mpaka nyuma kabisa. Halafu auinue ili uone chini yake na sakafu ya kinywa. Ubavu wa nyuma wa ulimi na sakafu ya kinywa ni maeneo ambayo saratani hupendelea, na ndiyo maeneo yasiyoonekana mgonjwa akifungua tu mdomo na kusema "aa". Malizia kwa kupapasa sakafu ya kinywa kwa kidole kimoja ndani na mkono mwingine chini ya kidevu.

Hatua ya 3: Eleza unachokiona kabla ya kukipa jina

Andika mahali hasa, ukubwa kwa milimita, idadi, rangi, umbo, ukingo, kitako na ugumu unapopapasa. Jina likitangulia maelezo, macho huanza kuona kile ambacho jina linataka. Kama mgonjwa amekubali, piga picha yenye kipimo pembeni, kwa sababu baada ya wiki 2 kumbukumbu yako haitaweza kukuambia kama kidonda cha milimita 9 kimekuwa cha 6.

Ukingo ndio unaosema zaidi. Ukingo ulio sawa na ngozi ya jirani, wenye duara jekundu jembamba, ni wa afta au wa kidonda kichanga. Ukingo mweupe uliochakaa ni wa msuguano unaoendelea. Ukingo uliochimbwa kwa ndani, huku kidonda kikiwa juu ya ulimi kwa mtu anayekohoa muda mrefu, hukumbusha kifua kikuu. Ukingo ulioinuka na kujikunja kuelekea nje, ulio mgumu kwenye kidole, ni wa saratani mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Hapa pana mtego. Ugumu huletwa na seli za saratani zinazopenya chini, lakini pia huletwa na kolajeni ya inflamesheni sugu iliyokaa miezi kadhaa. Kidole hakiwezi kutofautisha vitu hivyo viwili, hata kidole cha mtaalamu wa miaka mingi. Ugumu ni sababu ya kuchukua kipande cha tishu, nao hautoshi kuwa jibu.

Hatua ya 4: Weka badiliko katika kundi lake

*Vidonda.* Gawanya kwanza kwa idadi na muda. Kidonda kimoja cha ghafla huwa kwa kawaida ni cha kuumia, na kisababishi hupatikana ukikitafuta: jino lililovunjika, waya, ukingo wa meno ya bandia, au mgonjwa kujing'ata baada ya sindano ya ganzi. Kidonda kimoja kisichouma, kilicho kigumu, kwenye mdomo au ulimi, kinaweza kuwa cha kaswende ya hatua ya kwanza, ambacho hupona chenyewe baada ya wiki kadhaa na kumpa mgonjwa matumaini ya uongo.

Vidonda vingi vya ghafla hutenganishwa vizuri na mahali vilipo. Afta ndogo huwa chini ya sentimita 1, hukaa kwenye ngozi inayosogea, yaani ndani ya midomo, mashavu, chini ya ulimi na kaakaa laini, na hupona ndani ya siku 7 hadi 14. Afta kubwa huzidi sentimita 1, huchukua wiki nyingi na huacha kovu. Hepesi ya kujirudia hupendelea ukingo wa nje wa mdomo, na ikitokea ndani hukaa kwenye ngozi iliyoshikamana na mfupa, yaani fizi na kaakaa gumu, ikianza kama kundi la vilengelenge vidogo. Hepesi ya mara ya kwanza, inayowapata watoto zaidi, haifuati mpaka huo: fizi zote huvimba na kuwa nyekundu, kuna homa, tezi zimevimba, na mtoto anakataa kula. Hupona ndani ya siku 10 hadi 14, na hatari kubwa katika kipindi hicho ni mtoto kuishiwa maji mwilini.

Ncha za fizi katikati ya meno zikiwa zimeliwa na kufunikwa na utando wa kijivu, huku zikiuma, zikivuja damu na kutoa harufu kali, hayo ni maambukizi yanayooza fizi. Kwa mtu mzima uliza kuhusu sigara, msongo na VVU. Kwa mtoto mwenye utapiamlo, hasa aliyetoka kuugua surua, yachukulie kuwa dharura, kwa kuwa yanaweza kugeuka noma na kutoboa shavu kwa siku chache. Shirika la Afya Duniani liliiingiza noma katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa mwezi Desemba 2023.

*Madoa meupe.* Jaribio la kwanza ni kufuta kwa shashi. Yakifutika na kuacha wekundu, fikiria fangasi wa kandida, kisha ujiulize kwa nini wamepata nafasi: antibiotiki za karibuni, steroidi ya kuvuta kwa pumu, meno ya bandia yanayolalwa nayo, kisukari, au VVU. Jaribio la pili ni kunyoosha shavu kwa vidole. Weupe unaotoweka ukinyooshwa ni hali ya kawaida ya watu wengi wenye ngozi nyeusi na hauhitaji dawa. Weupe wenye mistari kama wavu mwembamba kwenye mashavu yote mawili ni likeni plana, ugonjwa wa kinga unaodumu miaka. Weupe ulio kwenye mstari ambapo meno hukutana ni wa msuguano. Weupe wenye mikunjo kwenye ubavu wa ulimi, usiofutika, huweza kuwa ishara ya kinga iliyoshuka.

Doa jeupe lisilofutika na lisiloingia katika maelezo hayo yote huitwa leukoplakia. Jina hilo hubaki pale ambapo mengine yameondolewa, na hakuna anayeweza kusema kwa macho ni leukoplakia ipi itageuka saratani. Zenye mchanganyiko wa weupe na wekundu, zenye chembechembe, na zilizoko kwenye ubavu wa ulimi au sakafu ya kinywa ndizo za kutiliwa shaka zaidi.

*Madoa mekundu.* Wekundu wa inflamesheni una mpaka usio wazi na kisababishi kilicho jirani, mfano kaakaa lililo chini ya meno ya bandia ambalo huwa jekundu kwa umbo lilelile la bati la meno hayo. Ulimi mwekundu na laini usio na vinyweleo huelekeza kwenye upungufu wa chuma, B12 au folati. Ramani ya wekundu yenye mipaka myeupe inayohama juu ya ulimi haina madhara. Lakini doa jekundu lenye mpaka wa wazi, laini kama mahameli, lisilouma na lisilo na kisababishi, ni eritroplakia, na lichukuliwe kipande bila kusubiri. Sehemu kubwa ya madoa hayo, yakipimwa, hukutwa tayari na mabadiliko makali ya seli au saratani yenyewe. Ni jambo la kusikitisha kwamba doa hatari kuliko yote kinywani ndilo lisilomsumbua mgonjwa.

*Malengelenge.* Hayadumu kinywani, kwa hiyo mara nyingi utaona machubuko tu. Yakiwa upande mmoja wa uso na kuishia katikati kabisa, ni mkanda wa jeshi. Machubuko yasiyokwisha kwa mtu mzima, yanayotokea hata pale panapoguswa kidogo, yafikiriwe kuwa pemfigasi, ambapo kinga hushambulia viungo vinavyoshikanisha seli za epithelia. Ugonjwa huo mara nyingi huanzia kinywani kabla ya ngozi ya nje, na usipotibiwa unaweza kuua.

*Vivimbe.* Kivimbe laini chenye rangi ya samawati ndani ya mdomo wa chini, kinachovimba na kunywea, ni mate yaliyovuja baada ya kujing'ata. Kinundu laini kisichobadilika kwenye shavu ni nyama ya nyuzi ya msuguano. Nundu ngumu kama mfupa katikati ya kaakaa ni mfupa wa kawaida. Uvimbe mgumu usiouma pembeni mwa kaakaa, karibu na pale kaakaa gumu linapokutana na laini, unaweza kuwa wa tezi ndogo za mate na upelekwe kwa bingwa. Uvimbe wenye usaha hutaka kutolewa usaha na kutibiwa jino lililouanzisha. Antibiotiki peke yake hazifiki ndani ya usaha uliojifungia. Uvimbe mgumu chini ya taya pande zote mbili, ulimi ukiwa umeinuliwa na mgonjwa akishindwa kumeza mate, ni hatari ya kuziba njia ya hewa: mpeleke hospitali saa hiyohiyo.

*Madoa meusi.* Mengi ni rangi ya asili au mabaki ya kijazio cha zebaki chini ya ngozi. Doa jipya linalokua kwenye kaakaa au fizi lipimwe. Madoa ya zambarau kwenye kaakaa la mtu mwenye VVU yanaweza kuwa saratani ya Kaposi.

Hatua ya 5: Ondoa kisababishi, kisha mpe mgonjwa tarehe

Ikiwa unashuku kuumia, lainisha jino kali, rekebisha meno ya bandia au mwambie mgonjwa asiyavae, kisha mtazame tena baada ya wiki 2. Muda huo unatokana na kasi ya epithelia yenyewe: wiki 2 zinatosha kidonda cha kawaida kufunga, au angalau kupungua kwa kiasi kinachopimika. Mpe mgonjwa tarehe iliyoandikwa. Kumwambia "rudi kisipopona" ni kumwachia yeye uamuzi ambao hana ujuzi nao, na wengi hurudi wakiwa wamechelewa.

Katika muda huo usiandike steroidi ya kupaka kwa kidonda usichokijua. Itapunguza wekundu na maumivu bila kugusa kisababishi, na utamwona mgonjwa amepata nafuu huku ugonjwa ukiendelea chini. Maji ya chumvi ya vuguvugu, dawa ya maumivu na dawa ya kusukutua yenye klorheksidini vinatosha.

Mantiki hiyohiyo ya muda hutumika kwa jino lililong'olewa. Maumivu yanapaswa kupungua kila siku. Yakizidi kati ya siku ya 2 na ya 4, na shimo likiwa tupu lenye harufu, bonge la damu limepotea na mfupa umeachwa wazi. Mfupa unaoonekana kwa zaidi ya wiki 8, kwa mtu anayetumia dawa za kuimarisha mifupa kama bisfosfoneti na ambaye hajapigwa mionzi ya taya, umekufa na unahitaji bingwa.

Hatua ya 6: Chukua kipande cha tishu mahali panapofaa

Kidonda kilichozidi wiki 2 bila dalili ya kupona, eritroplakia, leukoplakia, ugumu usioeleweka, na machubuko yasiyokwisha vyote vinahitaji biopsi, yaani kipande cha tishu kupimwa maabara, ama kwako ama kwa unayempelekea. Kama una hakika mgonjwa ataenda kufanyiwa upasuaji mkubwa, afadhali bingwa atakayemfanyia achukue kipande mwenyewe akiwa ameona kidonda kikiwa kizima.

Usichukue katikati ya kidonda. Huko kuna fibrini na nyama changa tu, na jibu litakalorudi ni "inflamesheni isiyo mahususi", ambalo ni kweli lakini halisaidii. Chukua ukingo, pamoja na ngozi kidogo inayoonekana nzima, kwa kina cha kutosha kuonyesha kama seli zimevuka mpaka wa epithelia. Katika leukoplakia yenye sehemu nyekundu, chukua nyekundu. Sindano ya ganzi ichomwe pembeni, isiingizwe ndani ya eneo litakalokatwa, na kipande kisibanwe kwa koleo. Kitumbukize mara moja katika fomalini ya asilimia 10, yenye ujazo usiopungua mara 10 ya kipande. Ukishuku pemfigasi, chukua pia kipande cha pili kutoka ngozi nzima iliyo jirani na chubuko, na usikiweke kwenye fomalini, kwa sababu huharibu kipimo cha kingamwili. Wasiliana na maabara kwanza kuhusu kimiminika wanachotaka. Uvimbe unaodunda au unaofifia ukibonyezwa usikatwe kabisa kabla ya kujulikana kama ni wa mishipa ya damu.

Kwenye fomu andika kila ulichoandika katika hatua ya 1 na ya 3. Mtaalamu wa patholojia anayepokea kipande chenye maneno "kidonda, ulimi" anafanya kazi akiwa amefungwa macho nusu.

Hatua ya 7: Soma jibu ukimtazama mgonjwa

Jibu la saratani au mabadiliko makali ya seli halina mjadala: mgonjwa apelekwe kwa bingwa kwa simu na barua, na hakikisha amefika. Mabadiliko madogo ya seli yanahitaji kuondoa tumbaku na pombe, kutibu fangasi kama wapo, na kuangaliwa kwa miezi na miaka, kwa kuwa inflamesheni na kandida pia huzifanya seli zionekane zimevurugika na huweza kurudi kawaida vikiondolewa.

Jibu gumu kuliko yote ni lile la "inflamesheni sugu" kwa kidonda ambacho bado kipo, bado kigumu na bado kinakua. Hapo maabara imeeleza kwa usahihi kipande ilichopewa, lakini kipande hicho huenda hakikuchukuliwa mahali ugonjwa ulipo. Zungumza na mtaalamu wa patholojia, rudi kwenye picha na vipimo vya milimita, na uchukue kipande kingine chenye kina zaidi kutoka upande mwingine wa ukingo. Kama cha pili nacho kinaonyesha inflamesheni tu, tafuta tena kisababishi cha mwili mzima kwa vipimo vya damu, sukari, kaswende, VVU na picha ya kifua, na uendelee kumwona mgonjwa kwa tarehe zilizoandikwa hadi siku ambayo ngozi imefunga na mahali palipokuwa pagumu pamekuwa laini chini ya kidole.